Naandika Kutoka Zimmerman

Mwezi wa kwanza 2024 niliwaandikia watu wa South Carolina nikiwasihi wapiganie haki yao ya kutembea na bastola bila kibali. Niliandika "sisi". Sisi wananchi wa jimbo hili, sisi tunaoamka alfajiri na kulipa kodi, sisi tusiotaka kumwomba mtu ruhusa ya kubaki hai. Nilikuwa Zimmerman, ghorofa ya nne, nimevaa vesti kwa sababu ya joto, laptopu iko juu ya kreti ya soda, na huko chini mama mboga anagombana na kijana wa mkokoteni wa maji. Maishani mwangu sijawahi kushika bunduki. Labda ile ya plastiki ya kurusha maji, na hiyo pia ilikuwa ya binamu yangu.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Wakati huo nilikuwa nimeandikia wanafunzi wa Marekani insha nyingi kuliko zangu mwenyewe, karo ikanishinda, nikaona heri nibaki na insha zinazolipa. Kisha akili unde ikaja ikatunyang'anya insha, sisi wote tuliokuwa tunalala mchana na kuamka saa za New York. Tuliobaki tunaokota vitu vidogo vidogo: maelezo ya magodoro, makala ya jinsi ya kuosha mbwa, na mara moja moja siasa za watu.

Hii ilikuwa siasa za watu. Mteja hakuwa na uso, alikuwa na herufi mbili na bendera. Alitaka maneno 1,500, sauti ya mwananchi wa kawaida "siyo wakili", na mwisho wa makala msomaji aambiwe waziwazi ampigie seneta wake simu wiki hiyo hiyo. Malipo, dola 25. Dola ilikuwa karibu shilingi 160 wakati huo. Elfu nne. Sikufikiria mara mbili, wala sitajifanya hapa kwamba nilifikiria.

Mswada wenyewe haukuwa mgumu kuelewa. Kabla ya hapo, mtu wa South Carolina aliyetaka kutembea na bastola kiunoni alipaswa kuwa na miaka 21, apitie mafunzo, achukuliwe alama za vidole, ndipo apewe kibali. Mswada ulisema hivi: kama sheria inakuruhusu kumiliki bastola, inakuruhusu pia kuibeba, wazi au chini ya shati, ukishafika miaka 18. Bunge la Wawakilishi la jimbo lilikuwa limeupitisha tangu 2023. Seneti ndiyo ilikuwa inavutana, na hata baadhi ya wakuu wa polisi walikuwa na wasiwasi. Majimbo 27 hayakuwa yanadai kibali, na mojawapo, Vermont, halijawahi kukidai.

Nilidhani nitaandika upuzi na kulala. Lakini nilipoanza kusoma hoja za watu wa upande ule, moja ilinikamata shati. Walikuwa wanauliza: kibali kinamzuia nani? Jambazi haendi darasani. Hapangi foleni atoe alama za vidole. Anayezuiwa ni yule dada anayefanya kazi mbili, hana siku ya kupoteza wala pesa ya kulipia mafunzo, na anaishi mahali ambapo polisi wakiitwa wanafika baada ya chai kupoa. Mimi ni Mkenya, bana. Najua kibali ni nini. Najua dirisha la ofisi linalofungwa saa saba, najua ile "rudi Jumatatu", najua kile kikohozi cha karani kinachomaanisha ongeza kitu. Hoja hiyo haikuhitaji tafsiri.

Na wanaoitoa si wazungu wa kofia pana peke yao. Kesi iliyofanya Mahakama ya Juu ya Marekani iseme, mwaka 2010, kwamba miji na majimbo pia yanabanwa na Marekebisho ya Pili ya katiba yao ilikuwa na jina la Otis McDonald. Mzee mweusi wa Chicago, mstaafu, umri wa miaka ya sabini, aliyechoka kuvunjiwa nyumba. Mji ulikuwa umepiga marufuku bastola. Yeye alisema wanaonivunjia wanazo, ni mimi tu ninayetii sheria. Ukimsoma huyo mzee halafu ubaki na kicheko, una moyo mgumu.

Basi nikaandika vizuri. Na nilijua kwa nini naandika vizuri.

Mwaka 2019 mamangu alikuwa na duka la M-Pesa Githurai. Jioni moja, kama saa moja na nusu, vijana wawili waliingia. Mmoja alikuwa na bastola. Mama hakubishana. Alitoa pesa zote, akatoa na simu. Wakamgonga hata hivyo, upande wa kichwa, kwa kitako cha ile bastola, kisha wakatoka wakitembea polepole kama watu waliomaliza kununua mkate. Kituo cha polisi kiko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Askari walikuja asubuhi, wakauliza kama tunaweza kusaidia na mafuta ya gari. Sikio la kushoto la mama halijawahi kurudi sawa. Ukiongea naye kwa simu lazima ungoje kwanza aihamishe upande ule mwingine.

Nilimchukua mama nikamweka kwenye makala. Nilimpa nyumba ya mbao nje ya Greenville, nikamfanya mjane, duka la M-Pesa likawa duka dogo la vyakula kando ya barabara. Vijana wawili niliwaacha jinsi walivyokuwa. Halafu nikampa bastola. Kwenye makala yangu mama hakugongwa. Aliingiza mkono chini ya kaunta na wale vijana wakakimbia. Nilipomaliza ile aya nilikuwa natetemeka kidogo, na sina aibu kusema ilikuwa raha. Miaka mitano nilikuwa nimebeba ile jioni, na hatimaye nilikuwa nimeimaliza ninavyotaka.

Mteja alisoma, akajibu baada ya saa mbili: nzuri sana, huyo mwanamke ni dhahabu, ila ongeza hofu kidogo.

Nikaongeza hofu. Niliandika kwamba hatari haigongi mlango. Niliandika kwamba una sekunde moja tu, na sekunde hiyo si ya kuuliza maswali. Kumbukeni hiyo sentensi, nitairudia.

Kuna vitu niliviona nikitafuta hoja ambavyo sikuviweka. Cha kwanza kilinichekesha kwanza, halafu kikaacha kunichekesha. Ukitafuta sheria za kujitetea Marekani, jina linalokuja mbele ni la mtaa wangu. George Zimmerman, Florida, Februari 2012, na Trayvon Martin, miaka 17, aliyekuwa anarudi kutoka dukani na peremende na kinywaji. Florida ilikuwa imepitisha, 2005, sheria ya kusimama pale ulipo: kama uko mahali una haki ya kuwa na unaamini kwa sababu ya msingi kwamba uko hatarini, hulazimiki kurudi nyuma hata kama njia ya kurudi ipo. Mawakili wa Zimmerman hawakuhitaji hata kuegemea sheria hiyo moja kwa moja, walisema tu alikuwa anajitetea. Lakini maelekezo waliyopewa wazee wa baraza kabla ya kuamua yalikuwa na maneno yake ndani. Julai 2013 wakamwachilia.

Mtaa wetu, kwa wale ambao hushuka tu hapa steji, una jina la Paul Zimmermann, Mjerumani aliyekuwa na kampuni ya kujaza ngozi za wanyama. Wawindaji walipiga simba na nyati, yeye akawatengeneza wawe kama wako hai, wakapelekwa kuning'inia kwenye kuta za Ulaya na Marekani. Biashara ya aina hiyo ilipata pigo serikali ilipopiga marufuku uwindaji 1977. Kwa hivyo naishi mahali palipopewa jina kwa sababu ya risasi za watu wengine. Sijui niifanyie nini hiyo habari, niliona tu niwaambie.

Kitu cha pili hakikuchekesha hata mwanzo. Charleston, South Carolina, Juni 17, 2015. Kanisa la Emanuel, moja ya makanisa ya zamani ya watu weusi kule kusini. Mzungu wa miaka 21 aliingia kwenye masomo ya Biblia ya Jumatano jioni. Walimkaribisha, akaketi nao karibu saa nzima, kisha akaua watu tisa. Mmoja wao alikuwa mchungaji, Clementa Pinckney, na Pinckney alikuwa pia seneta wa jimbo. Yaani alikuwa na kiti katika Seneti ile ile ambayo makala yangu ilikuwa inawaambia watu waipigie simu. Muuaji alinunua bastola dukani. Rekodi yake ilikuwa na kitu ambacho kingemzuia, ila ukaguzi ulichelewa, na sheria ya nchi nzima inasema siku tatu za kazi zikipita bila jibu, duka linaweza kuuza. Liliuza.

Nilijua mteja angetaka niitumie vipi: kama waumini wangekuwa na bastola. Watu wameshalisema hilo. Nilikaa na ile picha, mama wa kanisa na Biblia kwenye paja moja na bastola kwenye paja lingine, anamkaribisha mgeni, anampa kiti. Sikuiandika. Si kwa sababu ya maadili. Niliogopa tu kwamba nikiiandika nitaiandika vizuri.

Cha tatu ni cha zamani. Mwaka 1739, karibu na mto Stono huko South Carolina, watumwa, wengi wao kutoka upande wa Kongo kama wanahistoria wanavyoamini, walivunja duka, wakachukua bunduki, wakaanza safari kuelekea Florida iliyokuwa ya Wahispania. Walizimwa kabla ya kufika. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria: mtumwa asikusanyike na wenzake, asibebe bunduki bila tiketi ya bwana wake, na asifundishwe kuandika. Nilisoma hiyo orodha mara mbili. Kibali cha bunduki na marufuku ya kalamu, sheria moja, 1740. Na mimi hapa, mtu mweusi na kalamu ya kukodi, nawaombea kibali kiondolewe. Watetezi wa bunduki huitumia historia hii, na wana haki ya kuitumia: vibali vingi vya kwanza vilitungwa ili mtu mweusi asiwe na silaha. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kibali kilipoondolewa hofu ya mtu mweusi haikuondolewa nacho.

Machi 7, 2024, gavana Henry McMaster alitia saini. South Carolina ikawa jimbo la 29. Sheria ilianza siku hiyo hiyo, na ili kutuliza watu iliongeza adhabu kwa waliowahi kuhukumiwa wakipatikana na silaha, na jimbo likaahidi mafunzo ya bure kwa anayetaka. Anayetaka. Mteja alinitumia ile alama ya kidole gumba. Sijidanganyi kwamba ni mimi niliyepitisha sheria, pengine makala yangu ilisomwa na watu kumi na mmoja na paka. Lakini nilituma kiungo cha habari hiyo kwa mbogi yetu ya waandishi na nikaandika "we move".

Halafu Aprili.

Mnakumbuka ile mvua. Stima zilikuwa zinapotea kila jioni, na siku hiyo zilipotea kama saa tatu zikakataa kurudi. Ploti yetu ina ghorofa sita, milango ya chuma, yote rangi ya kahawia, yote na kile kidirisha kidogo juu. Mchana unajua mlango wako kwa kapeti ya mlangoni na viatu vya jirani. Usiku bila stima unahesabu ngazi.

Tangu yale mambo ya mama, mimi hulala na rungu karibu na kitanda. Nilinunua soko la Maasai, muuzaji alidhani ni zawadi ya mzungu. Kama saa tano na nusu nilisikia mtu mlangoni kwangu. Hakubisha. Alikuwa anaingiza chuma kwenye tundu la ufunguo, anazungusha, anatoa, anaingiza tena. Kisha akaanza kusukuma na bega.

Nilichukua rungu nikasimama nyuma ya mlango. Ningeweza kupiga kelele, ghorofa nzima ingeamka. Ningeweza kusukuma komeo ambalo nilikuwa nimesahau kulifunga, lilikuwa hapo mbele ya mkono wangu. Nadhani niliuliza "nani?" Nasema nadhani. Mlango ukaachia, kivuli kikaingia, nikapiga.

Nilisikia mfupa. Sauti yake ni ndogo kuliko unavyofikiria, kama kuvunja kijiti cha miwa kilichokauka. Kivuli kikalia "Mathe!" na sauti ilikuwa ya mtoto.

Ni kijana wa ghorofa ya tatu. Yuko fomu tatu, shule zilikuwa zimefungwa siku chache tu. Alikuwa ametoka kutazama mpira kwa rafiki yake, simu imezima chaji, muziki unacheza kwenye kile kiredio chake kidogo cha masikioni, amehesabu ngazi vibaya. Alidhani kufuli lao linakwama tena. Ana miaka 17.

Mama yake alipanda na mshumaa na leso begani. Alitazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama rungu. Akasema, "Wewe si ndiye hukaa na kompyuta?" Kama mtu anayejaribu kuhakikisha ameingia nyumba sahihi.

Tulipata bodaboda mbili. Kliniki iko barabara ya Kamiti, inafanya kazi usiku. Mfupa wa mkono juu ya kifundo, umevunjika sehemu moja, bahati nzuri haujahama. Picha, plasta, dawa za maumivu: elfu sita na mia tano. Nililipa kwa M-Pesa. Dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130 kufikia wakati huo, nchi nzima inashangilia shilingi imepata nguvu, sisi tunaolipwa na wazungu ndio tulikuwa tunalia chini chini. Ile makala ya bastola haingetosha kulipa hata plasta na picha.

Kama saa tisa usiku, tumekaa kwenye benchi, mama yake akaniuliza, si kwa ukali, "Ulimuuliza ni nani?"

"Niliuliza, mathe."

Kijana akainua kichwa. "Mi sikuskia kitu."

Kwa sababu ya muziki, nikasema. Kwa sababu ya muziki, akakubali mama yake. Hatukuongea tena hadi matatu ya kwanza. Ile sentensi yangu ya sekunde moja ilikuwa imekaa kati yetu kwenye benchi na mimi peke yangu ndiye niliyeiona. Kwamba sekunde hiyo si ya kuuliza maswali. Nililipwa kwa hiyo sentensi.

Niliporudi sikulala, nilianza kusoma sheria, safari hii si kwa ajili ya mteja. Kwetu, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mambo ya kujitetea na kutetea mali yataamuliwa kwa kanuni za sheria ya mazoea ya Uingereza. Hivyo tu. Maana yake ni kwamba mahakama ingeniuliza kama niliamini kweli kwamba niko hatarini, na kama nguvu niliyotumia ililingana na ile hatari. Ningelazimika kusimama mbele ya watu na kuieleza ile sekunde. Nilichungulia pia South Carolina, kwa sababu nilikuwa naijua vizuri kuliko Murang'a kwetu. Wana sheria ya 2006. Mtu akiingia nyumbani kwako kwa nguvu na kinyume cha sheria, inachukuliwa tangu mwanzo kwamba hofu yako ilikuwa na msingi, na mtu anayejitetea kwa mujibu wa sheria hiyo hata hashtakiwi. Hofu yangu ingekuwa shahidi wangu. Wakili angepata kazi ya kubishana kama mtoto anayesukuma mlango asioujua ameingia "kinyume cha sheria", lakini mimi ningeanza mbele. Na nisingekuwa na rungu.

Mwaka 2023, Kansas City, mvulana mweusi wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake, akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yao. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi kichwani na mkononi kupitia mlango wa kioo. Mvulana alipona. Nilikuwa nimeiona hiyo habari Januari nikitafuta hoja, nikaifunga haraka kwa sababu haikunisaidia.

Jumapili iliyofuata nilienda Githurai nikamwambia mama kila kitu: kijana, rungu, na pia ile makala, kwamba nilimfanya mzungu mjane wa Greenville mwenye bastola chini ya kaunta. Nilingoja akasirike. Aliendelea kuchambua ndengu.

"Na ningeiweka wapi?" akauliza. "Kwa droo ya floti? Si hao vijana ndio wangeenda nayo."

"Ungewapiga, mum."

"Hao walikuwa watoto," akasema. "Yule mdogo alikuwa anatetemeka kuniliko. Namjua hata. Si jina, namjua uso, alikuwa ananunua airtime." Akahamisha ungo kwenye goti lingine. "Ningepiga mtoto wa mtu, halafu nifungue duka kesho yake?"

Miaka mitano sikuwahi kujua kwamba alimjua. Sikuwahi kumuuliza. Nilichukua ile jioni yake nikaiandika bila kumuuliza, na hilo bado linaniuma kuliko mengine yote, hata kuliko mfupa.

Sitaki mtu aseme nimegeuka kuwa wa kuhubiri amani. Mama alipigwa na polisi hawakuja, hilo halijabadilika. Yule dada wa kazi mbili yuko, na yuko mbali na kituo cha polisi, na anayemwambia angoje hangoji naye. Nikiulizwa leo nimwambie seneta wao nini, ningesema kibali kibaki, lakini kiwe bure, na mafunzo yafanyike jioni na wikendi, karibu na steji, ili maskini asinyimwe. Na mafunzo yenyewe yawe zaidi ya kulenga. Mtu afungiwe ndani ya chumba bila taa, asikie mlango unasukumwa, na afundishwe kuuliza "nani" hadi ajibiwe. Mteja angesema hiyo haina hofu ya kutosha.

Juni ilikuja na yake. Baada ya tarehe 25, tulipokuwa tumekaa kwa rafiki yangu hapa Roysambu tukihesabu nani amefika nyumbani, yeye alisema kile ambacho wengi walikuwa wanasema chini ya pumzi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Akasema, sisi tungekuwa na katiba kama ya wale jamaa, mtu ana bunduki yake nyumbani, hawa makarao wangetufyatulia hivyo? Wangeanzia wapi?

Nikamwambia kuhusu Philando Castile. Minnesota, Julai 2016. Alikuwa na kibali, alikuwa amefuata kila kitu. Polisi akasimamisha gari, Castile akamwambia kwa heshima kwamba ana silaha na ana kibali. Polisi akafyatua mara saba, mpenzi wake ameketi kando, mtoto wa miaka minne nyuma. Mwaka uliofuata polisi akaachiliwa na mahakama.

"Hiyo ni Marekani, buda," rafiki yangu akasema.

"Na hizo hoja zako ni za wapi? Nyingine niliziandika mimi."

Alicheka, mimi pia nikacheka, halafu tukanyamaza kwa sababu simu ya dada yake ilikuwa bado haishikwi. Alifika saa nne usiku, miguu mitupu, macho mekundu kwa moshi. Hakubisha mlango. Alikuwa na ufunguo wake, na sote wawili tuliruka juu kabla hajamaliza kuuzungusha.

Plasta ya kijana ilitolewa mwisho wa Mei na mkono ni mzima, ingawa anasema ukipigwa na baridi unamkumbusha. Mama yake hunisalimia. Nilimsaidia na insha za Kiswahili, bila malipo, na ana kipaji kuliko mimi. Shule zilipofungwa Agosti alirudi, na stima za mtaa huu mnazijua. Sasa nikiwa kitandani usiku, giza tupu, naanza kumsikia kutoka ghorofa ya kwanza. Anaongea peke yake kwa sauti kubwa akipanda. Anahesabu ngazi. Akifika ya tatu anapaza sauti zaidi, "Ni mimi, ni mimi naingia kwetu," na anangoja kidogo kabla ya kuingiza ufunguo.